Kipimo na Sauti ya Msimulizi katika Filamu za Elimu ya Sayansi

Uhakiki wetu wa Kiswahili umeshughulikia kwa mapana ushairi, riwaya na tamthilia, na fasihi simulizi nayo imekwisha kupewa nafasi iliyostahili tangu zamani. Hata senema za kubuni hazikosi mtu wa kuzisemea. Hata hivyo ipo aina moja ya usimulizi ambayo huwafikia watu wasiofungua riwaya hata moja kwa mwaka mzima, na ambayo wahakiki wameiachia walimu wa fizikia na biolojia. Nazo ni filamu za elimu ya sayansi, zile zinazotengenezwa kwa ajili ya mtu wa kawaida ili aonyeshwe nyota, wanyama, vijidudu na mengineyo ambayo jicho lake haliyafikii. Sababu ya kupuuzwa kwake si ngumu kuikisia. Hudhaniwa kwamba filamu ya namna hiyo ni dirisha tu: ulimwengu uko upande ule, mtazamaji yuko upande huu, na maneno yanayosikika ni maelezo ya pembeni ambayo yeyote ajuaye istilahi anaweza kuyatafsiri.

Makala haya yanapinga dhana hiyo. Picha ya kisayansi, ikiachwa peke yake, haiwezi kumwambia mtazamaji kitu anachokitazama kina ukubwa gani, wala kama kuna mtu aliyewahi kukiona, wala kwa kiasi gani wajuzi wenyewe wana hakika nacho. Mzigo huo hubebwa na sauti ya msimulizi. Na maadamu sauti hiyo ni lugha, yenye nyakati zake, viambishi vyake na tamathali zake, basi ni mali ya idara kama zetu, nasi tumeitelekeza.

Niliyafikia mawazo haya kwa njia ya aibu kidogo. Miaka kadhaa iliyopita mwalimu mmoja wa sekondari, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu, aliniomba niwaonyeshe vijana wake filamu fupi ya sayansi na kuwasimulia kwa Kiswahili, sauti ya asili ikiwa imezimwa. Nilijiandaa kwa bidii ya mtu wa lugha. Niliorodhesha istilahi, nikazipekua katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, nikapata karibu kila nilichokihitaji. Onyesho likaenda vizuri, nami nikaona fahari. Ndipo msichana mmoja aliyeketi nyuma alipoinua mkono, akauliza: "Mwalimu, huyo aliyepiga picha kule mbali alirudije?" Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka pia, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwani lake ndilo lililokuwa swali pekee la kisayansi lililoulizwa siku ile.

Filamu yenyewe ilikuwa Powers of Ten, iliyotengenezwa mwaka 1977 na Charles na Ray Eames, mume na mke waliokuwa wabunifu mashuhuri huko Marekani, kwa ajili ya kampuni ya IBM. Wanafunzi wangu wa Idara wakitakiwa kuitafsiri anwani hiyo, wengi huandika "Nguvu za Kumi", jambo ambalo humfanya msomaji atarajie hadithi ya kichawi. Walimu wa hesabu wamekwisha kutupa neno lifaalo, kipeo, nalo ni neno lenye bahati, kwa kuwa katika matumizi ya kawaida kipeo ni upeo, yaani mwisho wa juu kabisa wa kitu. "Vipeo vya Kumi" ingetaja hesabu na safari kwa pamoja.

Inachukua dakika tisa hivi. Tunaanza katika bustani kando ya ziwa, mjini Chicago, ambapo mwanamume na mwanamke wametandika shuka, wamekwisha kula, na mwanamume amelala usingizi. Kamera iko juu yao moja kwa moja, na kinachoonekana ni mraba wa mita moja. Kuanzia hapo, kila sekunde kumi zinapopita, upana wa kinachoonekana huzidishwa mara kumi. Bustani huonekana nzima, kisha ziwa, kisha dunia ikiwa mviringo, kisha njia za sayari, kisha jua lenyewe likiwa nyota kama nyota nyingine, kisha galaksi yetu, hata tukafika mita kumi kipeo cha ishirini na nne, yaani mwendo wa nuru wa miaka milioni mia moja hivi. Hapo galaksi zimekuwa kama vumbi. Kisha tunarudi kwa kasi, kipeo kimoja kwa kila sekunde mbili, na kuingia katika mkono wa yule mtu aliyelala: ngozi, chembe nyeupe ya damu, kiini chake, atomi ya kaboni, kiini cha atomi, hadi ndani ya protoni, kumi kipeo cha hasi kumi na sita. Vipeo arobaini kwa jumla. Wazo hili halikuwa lao wenyewe. Walilitoa katika kitabu cha mwaka 1957 cha Kees Boeke, mwalimu wa shule huko Uholanzi, ambaye yeye alianza na msichana aliyeketi kitini akiwa amempakata paka. Yafaa kukumbuka kwamba chimbuko lake ni shuleni.

Uzuri wa filamu hii umo katika ukaidi wake. Haiharakishi penye uzito wala haikawii penye kupendeza. Mtu aliyezoea tenzi ataitambua hali hii upesi: kila ubeti una mizani ile ile, na kina kimoja cha mwisho hurudi tangu mwanzo hadi tamati, iwe ubeti unasimulia vita au unasimulia kutandikwa kwa farasi. Sekunde kumi ni ubeti, na tarakimu inayobadilika ukingoni mwa picha ni kina cha bahari. Kwa sababu ya ulinganifu huo, mtazamaji hufika mahali ambapo jambo la kustaajabisha si tena ukubwa wa vitu bali uwazi uliopo kati yake. Msimulizi mwenyewe analisema hilo pale mwisho wa safari ya nje, kwamba utupu ndiyo hali ya kawaida na kwamba wingi wa vitu uliotuzunguka sisi ni jambo la nadra. Sijui filamu nyingine ya elimu iliyofikisha wazo zito hivyo kwa maneno machache hivyo, na ambayo ilikuwa imelitayarisha sikio kulipokea.

Kwa upande wa hesabu, Kiswahili hakikunipa taabu niliyoiogopa. Tuna kumi, mia na elfu, na kwenye mita kumi kipeo cha tano, pale ambapo Kiingereza hulazimika kusema elfu mia, sisi tuna laki, neno tulilolipata kwa biashara ya Bahari ya Hindi na ambalo wachuuzi wa pwani hawajaliacha. Baada ya milioni ndipo tulipo wakopaji kama wenzetu, na tena wakopaji wa mali isiyotulia, kwani hadi mwaka 1974, serikali ya Uingereza ilipoamua kufuata desturi ya Marekani, bilioni ya London ilikuwa milioni ya milioni, na ile ya New York elfu ya milioni tu. Hata kwa mita ya kwanza sikukwama. Niliwaambia vijana kwamba shuka ile ilikuwa na upana wa kama shibiri nne, au dhiraa mbili, wakatazama viganja vyao. Vipimo vyetu vya asili vimetoka mwilini, na filamu hii nayo inaanzia mwilini.

Kilichonikwaza ni kingine. Lugha yetu ina kipimo ndani ya sarufi yake. Nyumba hukua ikawa jumba na hupungua ikawa kijumba. Ndege huwa dege au kidege. Mtu mwenyewe huwa jitu au kijitu. Mgeni wa isimu angedhani lugha yenye hazina hii iliumbwa kwa ajili ya filamu kama hiyo. Sivyo. Jitu si mtu aliyepimwa akaonekana mrefu. Ni kiumbe wa kutisha. Kijitu si mtu mfupi. Ni mtu aliyedharauliwa. Ipo mifano iliyosalimika, kama kijito, lakini kwa jumla viambishi hivi hupima moyo wa msemaji zaidi ya kupima kitu. Tulipoingia ndani ya ngozi nilisema "kijichembe", nikidhani nimesema kidogo sana, na vijana wakasikia nimekidharau. Chembe nyeupe ya damu, ambayo ni askari wa mwili, ikawa kijitu cha kuchekwa. Msimulizi wa sayansi kwa Kiswahili hana budi kujihadhari na silaha hii ambayo msimulizi wa ngano huitumia kila anapotaja zimwi.

Basi na turudi kwa yule msichana. Aliuliza aliyepiga picha alirudije kwa sababu nilikuwa nimesimulia vipeo vyote kwa sauti moja na kwa wakati mmoja wa kitenzi. "Tunaona bustani. Tunaona dunia. Tunaona galaksi yetu." Lakini hakuna hata mtu mmoja aliyeiona galaksi yetu kutoka nje, wala chombo kilichowahi kutoka nje yake. Watengenezaji waliunganisha picha halisi na michoro ya ustadi, na ustadi wao ulikuwa ni kuuficha mshono. Hilo ni kosa dogo kwao, kwani walikuwa na dakika tisa na lengo jingine, lakini kwangu mimi lilikuwa kosa kubwa, kwani lugha ilikuwa imenipa njia ya kuufunua mshono huo nami sikuitumia. Kati ya "tunaona" na "tunaonyeshwa" pana tofauti ya silabi moja tu, na ndani ya tofauti hiyo ameingia mtu wa tatu, yule anayetuonyesha. "Tumechorewa" ni neno moja, nalo lina mtazamaji, lina kazi iliyokwisha kufanyika, na lina kauli ya kutendewa inayokiri kwamba pana mchoraji. Lugha nyingi zingehitaji sentensi nzima.

Atasema mtu kwamba msimulizi akitia "yakisiwa" na "yasemekana" kila mahali ataiua filamu. Ni kweli, na ninayo mifano ya tafsiri zilizokufa hivyo. Lakini mshono si kila mahali. Katika vipeo arobaini, mahali panapohitaji kukiri ni patano au pasita.

Hapa kinaingia kisa cha kale ambacho nadhani kila mwalimu wa fani hii anapaswa kukijua. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, lilifanyika Jaribio la Senema za Elimu kwa Wabantu, likiongozwa na Meja L. A. Notcutt. Zilitengenezwa filamu 35 juu ya kilimo, afya, kodi, akiba ya posta na mengineyo, na maelezo yake yakarekodiwa katika sahani za santuri kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Kwa hiyo sayansi ya senema ilisema Kiswahili kabla sayansi ya vitabu vyetu vya sekondari haijathubutu. Kuanzia mwaka 1939 ikafuata Idara ya Filamu za Makoloni, na magari ya senema yakazunguka vijijini yakiwa na mkalimani mwenye kipaza sauti.

Maofisa wa senema wa enzi hiyo walipenda kusimulia hadithi moja, mara ya mbu, mara ya nzi, mara ya chawa: kwamba watazamaji walioonyeshwa mdudu aliyekuzwa hata akajaa kitambaa chote walisema kuwa maradhi hayo hayawahusu, kwani kwao hakuna wadudu wakubwa hivyo. Hadithi hiyo ilisimuliwa kutoka mahali pengi mno kiasi cha kumtia mtu shaka kama kweli ilitokea mahali popote. Lakini ilijengewa nadharia nzima, ambayo William Sellers, mkuu wa idara hiyo, alikuwa mtetezi wake mashuhuri: kwamba Mwafrika hawezi kuielewa picha ya karibu, na kwa hiyo atengenezewe filamu za polepole, rahisi, zisizo na hila za kamera.

Tuseme ilitokea. Watazamaji wale walifanya nini? Walisikia mkalimani akisema "mbu", wakaona kitu chenye upana wa pima mbili, wakalinganisha neno na picha na mbu waliowazoea, wakatamka kuwa havilingani. Huo ni upimaji. Aliyeshindwa ni msimulizi, ambaye hakusema "mbu huyu amekuzwa mara elfu", au "miguu yake ni myembamba kuliko unywele". Na anayewajua wazee wa vijijini na utani wao hataona ajabu kama jibu lile lilikuwa mzaha wa mtu aliyechoshwa na afisa, mzaha ambao afisa aliuandika daftarini kama ushahidi wa ujinga. Kati ya afisa yule na mimi niliyecheka pamoja na darasa, sioni tofauti kubwa sana. Sote wawili tuliulizwa swali la kipimo tukadhani tumeonyeshwa upungufu wa muulizaji.

Ikiwa Powers of Ten huuficha mshono, Cosmos ya Carl Sagan, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1980 katika vipindi 13, hufanya kinyume, na kwa jambo hilo naiheshimu zaidi, ingawa kama kazi ya sanaa inazidiwa. Sagan husafiri angani kwa chombo anachokiita waziwazi kuwa ni cha mawazo. Mtazamaji haulizi alirudije. Ameambiwa tangu awali kwamba hakwenda. Katika Kiswahili ningekiita "jahazi la dhana". Kuna wanaopendelea "chombo cha kufikirika", lakini hilo ni neno la ripoti, na Sagan hakuwa akiandika ripoti.

Katika kipindi cha kwanza pana sehemu ambayo ningependa kila mtafsiri aitazame mara tano. Sagan anasimulia jinsi Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Iskandaria zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alivyopata habari kwamba huko Syene, mji ambao leo ni Aswan, siku moja ya mwaka jua la adhuhuri humulika hadi ndani ya kisima na vijiti havitoi kivuli, ilhali siku hiyo hiyo katika Iskandaria kijiti hutoa kivuli. Sagan anachukua ramani ya Misri yenye vijiti viwili, anaonyesha kwamba ikiwa bapa vivuli vingelingana, kisha anaikunja, na vivuli vinatofautiana mbele ya macho yetu. Tofauti ni digrii saba hivi, sehemu moja ya hamsini ya duara. Umbali kati ya miji ni kama kilomita 800. Mara hamsini, ni kilomita 40,000, na huo ndio mzingo wa dunia.

Hapa hakuna cha kuaminiwa. Kijiti kipo, kivuli kipo, hesabu ipo, na msimulizi amejiweka kando. Kwa Kiswahili kipande hiki husimuliwa bila shida yoyote, na si kwa sababu ya istilahi, kwani hakina istilahi. Ni kwamba msemaji wa lugha hii anaishi chini ya jua la utosi. Katika siku chache za Machi na za Septemba, mtu akisimama Nairobi saa sita za mchana hukanyaga kivuli chake. Kile ambacho mtazamaji wa Chicago anakipokea kama habari kutoka Misri ya kale, mtoto wa hapa anaweza kutoka nje ya darasa akakiangalia. Nimekwisha kusikia tafsiri moja ya Kiswahili ya maelezo ya namna hii ambamo mfasiri alihangaika na "mwale wa jua unaoangukia wima kwenye uso wa dunia" wakati ambapo maneno "jua lilikuwa utosini" yalikuwa yakimngojea. Huyu hakukosa msamiati. Alikosa kukumbuka anasema na nani.

Lakini sauti inayosafiri juu ina hatari yake nyingine, na mfano wake umetokea karibu nasi. Mwaka 1959 Bernhard Grzimek wa Ujerumani alitoa filamu yake juu ya Serengeti, ambayo anwani yake ilitangaza kwamba Serengeti haitakufa, nayo mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar ya filamu za hali halisi. Yeye na mwanawe Michael waliruka kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya punda milia, wakahesabu wanyama na kufuata njia zao za kuhama. Michael alikufa Januari mwaka huo baada ya ndege yake kugongana na tai, akazikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Hakuna anayeweza kuitazama kazi hiyo bila kuguswa, nami sitaki kuonekana nalichezea kaburi.

Hata hivyo mhakiki hana budi kusikiliza vitenzi. Kuhesabu wanyama kutoka angani ni sayansi: tumeruka, tumeona, tumehesabu. Kusema watu wasikae ndani ya hifadhi ya taifa, na Grzimek alishikilia kwamba wasikae hata wenyeji, si hesabu tena, ni "inapasa". Sauti ile ile tulivu inabeba yote mawili, na mtazamaji wa Ujerumani aliyekwisha kuiamini katika jambo la kwanza huiamini katika la pili pasipo kujua kwamba mlango umebadilika. Mmaasai anayeonekana kutoka juu ni umbo dogo lenye kivuli. Ndani ya filamu ile hana nafasi ya kujibu hoja. Mwaka huo huo wa 1959 mipaka ya Serengeti ilibadilishwa, na Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani yake wakahamishiwa eneo la Ngorongoro. Sisemi kwamba filamu ndiyo iliyowahamisha. Mazungumzo ya jambo hilo yalikuwa ya miaka mingi. Nasema kwamba iliwafundisha watu wa mbali namna ya kulitazama.

Na yaliyofuata yanafundisha zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikisiwa kuwa robo milioni hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya milioni moja. Watafiti waligundua kwamba kilichokuwa kimewazuia nyumbu kuongezeka ni ugonjwa wa sotoka, nao ulitoweka miongoni mwao baada ya ng'ombe wa wafugaji wa jirani kuchanjwa. Grzimek hangeweza kuyajua hayo, na si haki kumdai. Lakini lau msimulizi wake angesema "yamkini" mahali ambapo alisema "ni", filamu ingezeeka kwa heshima zaidi. Kivuli cha kijiti cha Eratosthenes hakijazeeka.

Imebaki sehemu moja ya Powers of Ten ambayo sikuitendea haki siku ile, na ambayo tangu hapo nimeijadili na wanafunzi wa mwaka wa tatu bila kuafikiana. Msimulizi wa filamu hiyo ni Philip Morrison, mwanafizikia ambaye katika vita vya pili vya dunia alishiriki katika kulitengeneza bomu la atomi, kisha akatumwa Hiroshima kuangalia lilichofanya, na baada ya hapo akatumia miaka iliyobaki ya maisha yake kupinga silaha hizo. Filamu haisemi neno juu ya hayo. Lakini anayejua hawezi kusikia sauti ile ikiingia taratibu ndani ya kiini cha atomi bila kukaa vizuri kitini.

Katika vipeo vyote Morrison huarifu. Lakini kwenye kipeo cha mwisho, ndani ya protoni, ambapo picha imekuwa madoa ya rangi yanayotetema, anasema tumefika ukingoni mwa yale yanayofahamika, kisha anauliza kama hizi tunazoziona ndizo kwaki. Anauliza! Baada ya dakika zote za kauli ya kuarifu, sentensi moja ya swali, na mshono uliofichwa katika vipeo vingine thelathini na tisa unafunuliwa hapa kwa hiari. Mwaka 1977 kwaki zilikuwa na ushahidi mzuri lakini bado zilikuwa jambo jipya, na Morrison, kama mwanasayansi mwaminifu, alibadilisha sarufi.

Siku ile nilitafsiri: "Je, hizi ni kwaki?" Ni Kiswahili safi, na katika mtihani ningempa mwanafunzi alama zote. Sasa naona halifai. "Je" hutangaza swali kabla halijafika, hugonga mlango. Mtazamaji huambiwa mapema kwamba hapa pana shaka, naye hujitayarisha. Lakini Kiswahili kina njia nyingine ambayo walimu wa sarufi huitaja kwa haraka na kuendelea: kuuliza kwa kiimbo pekee, pasipo kubadilisha hata neno moja. "Hizi ni kwaki." "Hizi ni kwaki?" Maneno ni yale yale, mpangilio ni ule ule, na mpaka silabi ya mwisho msikilizaji anadhani anaarifiwa kama alivyoarifiwa tangu bustanini, ndipo sauti inapopanda, na uhakika wote unageuka mikononi mwake. Mwenzangu mmoja wa Idara anasisitiza kwamba katika ukumbi wenye kelele kiimbo kitapotea, na nusu ya watazamaji wataondoka wakiamini wameziona kwaki kwa macho yao. Huenda. Nilipoalikwa tena katika shule ile, nilisimulia bila "Je", nikasema "tumechorewa" mahali patano, na nilipofika kwenye protoni nikaipandisha sauti, nikanyamaza. Yule msichana alikuwa amekwisha kumaliza masomo yake pale.